Picha za maiti: Wahariri tujiulize tunamwonyesha nani

Magaidi waliposhambulia hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, Januari 15, 2019, watu 21 wasio na hatia waliuawa. Gazeti la New York Times lilichapisha picha ya maiti zikiwa zimeinamia meza, huku jamaa wakiwa bado wanawasaka wapendwa wao. Baraza la Vyombo vya Habari nchini lililitaka liiondoe.

Mwaka wa 1984, Mkenya Mohamed Amin naye alinasa kwa kamera maiti za waliofariki kwa njaa kule Korem, Ethiopia. Dunia ilishtuka, ikatuma chakula. Picha ya Dusit ilimwokoa nani? Sisi wahariri, nami nimo, hupenda kujikinga kwa neno 'ukweli'. Lakini unyama ule ungalieleweka bila kuonyesha shati ambalo mama angalilitambua kabla ya kupigiwa simu.