"Inapakia…" isiyokoma

Bunagana, mpakani na Uganda, kupakia ni kazi ya mabega: magunia yanapanda lori, lori linaondoka, kila mtu anaona kazi imekwisha. Kwenye simu neno hilohilo halina mwisho. Likizoni, nikiwa huko, nilitafuta matokeo ya mtihani. "Inapakia…" ilizunguka hadi mega zangu za saa moja zikaisha muda.

Baadaye nilisoma msimbo wa ukurasa ule. Alama ilikuwa inaondolewa data ikifika tu. Ombi likishindwa, inabaki inazunguka. Dawa ipo katika JavaScript sanifu tangu 2018: finally, sehemu inayotekelezwa ombi likifaulu au likishindwa. Alama iondolewe hapo.

Darasani tunabishana iwe "inapakia" au "inapakua". Mjadala mzuri, lakini ukweli utangulie. Neno linalodai kazi inaendelea ilhali imekwama ni uongo, hata likiwa Kiswahili fasaha. Sisi watafsiri tusikubali kukabidhi "Inapakia" peke yake, tudai nafasi ya sentensi ya pili: "Imeshindikana. Jaribu tena." Anayehesabu dakika za mega anastahili kuambiwa.