"Huyu si mke wangu": usibishane naye, mpeleke akatibiwe

Tuseme baba mmoja hapa Mikese, mtu wa swala tano, anaamka siku moja anasema mwanamke aliyemo ndani si mkewe, ni jini aliyevaa sura yake. Unamwonyesha kovu la mkewe mkononi. Anajibu kuwa majini ni wajuzi, wameiga hata kovu. Lakini jioni anakula ugali aliopika huyo huyo "jini", na wala hatoki kwenda kumtafuta mkewe wa kweli!

Si ugonjwa wa Waluguru huu. Mwaka 1923 daktari wa Kifaransa, Joseph Capgras, alimweleza mama aliyeshikilia kuwa jamaa zake wamebadilishwa na watu wanaofanana nao.

Je, hiyo ni imani kama imani nyingine? Karl Jaspers, daktari wa akili aliyekuja kuwa mwanafalsafa, aliona mwaka 1913 kuwa mawazo ya namna hii hayaeleweki na mtu mzima wa akili. Brendan Maher, mwaka 1974, akasema kinyume: mgonjwa anafikiri kama sisi, ila anachokihisi ndicho cha ajabu. Anamtazama mkewe, sura ni ile ile, lakini ule mazoea wa moyoni haupo. Akili inatafuta sababu. Mikese itaokota jini. Ulaya itaokota majasusi. Mimi naegemea kwa Maher, ila si moja kwa moja, maana wapo wanaopoteza hisia hiyo na bado wanajua mke ni mke. Waliokuja baadaye wakasema kuna hitilafu ya pili, kwenye mizani ya kupima mawazo. Kama mizani ni mbovu, ushahidi wako utaupima wapi?

Kuamini kuwa majini wapo si ugonjwa, tumefundishwa chuoni. Lakini wote nyumbani mnaamini majini, na bado hakuna mwingine anayemwona huyo mama kuwa jini. Hapo ndipo pa kushtuka. Kisomo sikatazi, ila kisiwe na minyororo wala viboko, na dawa zisiachwe. Na anayesema yeye ni Mahdi msimwite kafiri. Tuliosoma fiqhi tunajua kalamu imeinuliwa kwa aliyepotewa na akili.

Basi usimbishie, wala usimkubalie. Mwambie, "Naona una hofu. Tangu lini hulali?" Kisha nenda naye zahanati, maana malaria kali, kifafa na bangi navyo huleta hali hii, na kila kimoja kina tiba yake. Ikibidi, mtapewa rufaa ya kwenda mjini Morogoro.

Mama aliyejifungua karibuni akisema mtoto si wake, amebadilishwa, usingoje Ijumaa umwite shehe. Mpeleke siku hiyo hiyo, na mtoto asiachwe naye peke yake hata kwa muda wa kwenda kuchota maji.