Jivu la makapi litujengee nyumba, lisitubomolee mapafu

MAMA mmoja wa hapa Garsen aliniletea mtoto wa miaka miwili akihema kwa taabu. Ilikuwa mara ya tatu katika msimu mmoja. Nilipomdadisi, alinieleza kuwa nyuma ya nyumba yao kuna rundo la makapi ya mpunga yaliyotupwa na mashine ya kukoboa, na kwamba rundo hilo hufuka moshi usiku na mchana. Nilimtibu mtoto, lakini dawa ya rundo lile haimo katika kabati langu.

Ndiyo sababu naunga mkono wazo la kutumia jivu la makapi badala ya sehemu ya simiti. Naliunga mkono kwa masharti ya daktari.

Faida yake ni wazi. Simiti hupikwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na mawe ya chokaa yenyewe hutoa hewa ya ukaa yakichomwa. Viwanda vya simiti duniani hutoa takriban asilimia 8 ya hewa hiyo inayotokana na shughuli za binadamu. Nasi wa Tana River tunajua maana ya hali ya hewa kuvurugika. Mafuriko ya El Nino ya 1997 yaliharibu mradi wa mpunga wa TARDA pale Gamba, na yale ya 2018 na 2023 yaliwaacha wengi bila makao.

Kilo 100 za mpunga hutoa makapi kilo 20 hivi, nayo yakichomwa huacha jivu kilo 4. Kwa hivyo, ili kupunguza kilo 5 katika mfuko wa simiti wa kilo 50, wahitaji makapi ya kilo 125 za mpunga. Hatutajenga ghorofa kwa hesabu hiyo. Lakini sakafu isiyokaa funza na kifuniko imara cha choo vyaweza kupatikana kwa gharama nafuu. Navyo, kwangu mimi, ni kinga dhidi ya maradhi.

Sasa masharti. Jivu hili karibu lote ni silika. Makapi yakichomwa kwa joto lisilozidi nyuzi 700 hivi, silika hiyo hushikana vyema na chokaa iliyo katika simiti. Moto ukizidi mno, hugeuka kuwa fuwele. Jivu la namna hiyo halishiki vizuri, na vumbi lake ni adui wa mapafu. Mwaka wa 1997 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliorodhesha vumbi la silika ya fuwele miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Vumbi hilo pia huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba, na aliye nao hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi.

Tatizo ni kuwa jivu halifai mpaka lisagwe likawa laini kama unga. Nani atakayelisaga? Ni kijana wa kibarua, aliyejifunga kitambaa puani akidhani amejikinga. Kitambaa hakizuii vumbi jembamba kiasi hicho.

Basi tufanye hivi. Makapi yachomwe katika tanuri maalumu mbali na makazi, wala si katika rundo la wazi. Usagaji ufanywe katika mtambo uliofunikwa, na wafanyakazi wapewe barakoa za kuzuia vumbi, glavu na miwani. Jivu lipimwe kabla ya kuuzwa. Nawe msomaji, usichukue jivu la jikoni ukachanganya na simiti. Jivu la kuni si sawa na hili, na ukuta wako utakulipiza.

Serikali ya kaunti ina idara ya afya, ya mazingira na ya ujenzi. Ziketi pamoja kabla ya mfanyabiashara wa kwanza kuwasha tanuri. Tukishindwa, tutakuwa tumeuondoa moshi nyuma ya nyumba ya mama yule na kuuingiza vumbi katika kifua cha mwanawe mkubwa.