Kinyozi Hajinyoi: Afya ya Wafanyakazi katika Ofisi za Mawakili



Ukipita mjini saa mbili au saa tatu usiku, inua macho utazame maghorofa ya ofisi. Benki zimekwisha kufungwa na maduka vilevile, lakini taa za ofisi ya mawakili mara nyingi utazikuta zinawaka. Ndani yake yumo mume wa mtu. Yumo mama ambaye mtoto wake bado ananyonya. Yumo kijana aliyemaliza masomo juzi, anayeogopa kuaga kabla mkuu wake hajaondoka. Mwezi huu na tuzungumze habari za watu hawa, kwa maana uchovu wao haubaki ofisini. Huja nao mpaka mezani petu.

Kwa nini kazi hii huchosha?

Wengi wetu hudhani kazi ya wakili ni kuvaa joho na kusema mbele ya jaji. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni makaratasi na tarehe. Kwa mfano, hapa Tanzania mtu anayetaka kukata rufaa katika Mahakama ya Rufani hupaswa kuwasilisha taarifa ya kusudio lake ndani ya siku 30 tangu siku ya uamuzi. Zikipita, hana budi kuomba kuongezewa muda, na huenda asikubaliwe. Kwa kuchelewa siku moja tu, mteja aweza kupoteza nyumba au shamba. Tena, kwa kanuni za mwaka 2018 za kuwasilisha nyaraka kwa njia ya kompyuta, waraka uliotumwa kabla ya saa sita usiku huhesabiwa kuwa umewasilishwa siku ileile. Ni msaada mkubwa, lakini umeifanya saa sita usiku nayo iwe saa ya kazi.

Mzigo wa pili ni wa moyo. Wakili husikiliza habari za mtoto aliyenajisiwa, za mjane aliyefukuzwa na shemeji zake, za ndugu wanaogombea urithi kabla ya matanga kwisha. Karani anayepiga chapa maelezo hayo naye huyasoma neno kwa neno. Wala hawawezi kuyatua nyumbani, kwa kuwa siri ya mteja ni amana isiyotolewa hata kwa mke au mume. Basi mama, ukimwona mwenzio amenyamaza mezani, usifanye haraka kudhani amekukasirikia.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha mawakili chenye makao yake London kilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi. Karibu wanne katika kila kumi walioulizwa walisema hawawezi kumweleza mwajiri wao habari za afya ya akili bila kuogopa kuharibu kazi yao. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa juma, akilinganishwa na yule wa saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi ni kubwa zaidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo ni kubwa zaidi kwa asilimia 17.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka iliyo wazi. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, wala tisa kwa siku. Kazi ya ziada ifanywe kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika majuma manne, na ilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kila juma mwajiriwa apumzike saa 24. Likizo ya mwaka ni siku 28, na mwajiri haruhusiwi kumfanyisha kazi mtu aliye likizoni. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au siku 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mama anayenyonyesha apewe nafasi ya kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku.

Ni kweli, masharti ya saa za kazi hayawahusu mameneja wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Naye wakili aliye mbia wa ofisi si mwajiriwa, ingawa moyo wake pia ni wa nyama. Lakini karani, katibu muhtasi, mhudumu, dereva na wakili kijana aliyeajiriwa wanalindwa na sheria hii. Nani aijuaye sheria hii kuliko mawakili? Asubuhi humtetea mfanyakazi wa kiwandani aliyenyimwa malipo ya ziada, na jioni karani wao mwenyewe anachapa nyaraka za kesi hiyohiyo mpaka usiku, bila malipo ya ziada. Wazee walisema, kinyozi hajinyoi.

Mkuu wa ofisi afanye nini?

Ofisi nyingi hudhani kuwatunza wafanyakazi ni kuandaa tafrija ya mwisho wa mwaka na kugawa fulana na kalenda. Hayo ni mema, lakini fulana haimpi mtu usingizi. Afya ya mfanyakazi hulindwa na namna kazi inavyopangwa. Hebu tutazame mambo sita.

1. Tarehe zote ziandikwe mahali pamoja panapoonekana na kila mtu, na ofisi ijiwekee tarehe yake ya ndani, siku tatu kabla ya ile ya mahakama. Usiku mwingi wa kukesha hutokana na jalada lililosahauliwa kabatini.

2. Kila jalada lifahamike kwa watu wawili. Hapo mmoja akiugua au akifiwa, mwenzake ataendelea, na mgonjwa hatapigiwa simu akiwa kitandani hospitalini.

3. Likizo zipangwe mapema. Mahakama Kuu huwa na likizo yake tangu katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari. Huo ni wakati mwema wa kupokezana, na anayekwenda likizo aende kweli, simu ya kazi abaki nayo mwingine.

4. Mkuu anapotoa kazi aseme inahitajika lini hasa. Neno "haraka" likisemwa kwa kila kitu, mfanyakazi hawezi kujua lipi litangulie. Na ujumbe wa simu wa saa nne za usiku ungoje asubuhi, isipokuwa kama kweli kuna jambo linaloharibika.

5. Kesi za majonzi zigawanywe, asibebeshwe mmoja. Kwa kuwa siri haiwezi kutoka nje, ofisi yenyewe iwe mahali pa kuzungumza. Nusu saa kila juma, mawakili wenye uzoefu wakae na vijana na makarani wanaoshughulikia kesi hizo, waulizane hali. Anayehitaji mshauri wa kitaalamu asaidiwe kumpata, wala jambo hilo lisiingizwe katika kumpima kazi.

6. Mkuu mwenyewe aage. Kijana hatazami kilichoandikwa ukutani, hutazama koti la mkubwa wake kama bado limetundikwa.

Je, wateja hawatakimbia?

Hili ndilo jibu la wakuu wengi: tukifunga mapema, mteja atakwenda kwa jirani. Yafaa tuwajibu kwa mfano. Mwaka 2018 huko Uingereza, benki ya Barclays pamoja na ofisi za mawakili za Addleshaw Goddard na Pinsent Masons zilianzisha makubaliano ya kupunguza mateso yasiyo ya lazima kazini. Hayakukataza kazi ya dharura. Yalitaka anayetoa kazi aeleze wazi anahitaji nini na kwa lini, na saa za mapumziko ziheshimiwe. Angalia kwamba mteja mwenyewe, tena mteja mkubwa, alikuwamo. Mara nyingi mteja hakuomba jibu la usiku. Ni sisi tuliodhani analitaka.

Tena kuchoka kuna gharama yake. Karani asiyelala huandika tarehe isiyo sahihi. Wakili aliyechoka husahau kiambatisho, na shauri hutupwa kwa kosa dogo. Mteja atakayekimbia kweli ni huyo.

Nasi akina mama?

Mama unayefanya kazi katika ofisi hizi, zijue haki zako kabla hujazihitaji. Ukiwa mjamzito, zungumza na mkuu wako mapema, kwa heshima na kwa maandishi, ueleze tarehe unayotazamia na nani atakayeshika kazi zako. Ukinyimwa unachostahili na mazungumzo yakashindikana, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayopokea malalamiko ya wafanyakazi. Kudai saa ya kunyonyesha si uvivu.

Nawe ambaye mumeo ni wakili, usimlaki mlangoni kwa mashtaka. Ameyasikia ya kutosha mchana kutwa. Mwache ale kwanza. Lakini usinyamaze daima. Akiwa hapati usingizi kwa majuma, akiwa mkali kwa watoto bila sababu, au pombe ikianza kuwa dawa yake ya kulala, mshawishi aende kwa daktari, nanyi mwende pamoja. Na kama mumeo ndiye mkuu wa ofisi, mwulize swali moja tu: "Baba, nani amebaki ofisini usiku huu, na nyumbani kwake nani anamngoja?"

Hatimaye, tusitazame ofisi za watu tukasahau jikoni kwetu. Sheria hiyohiyo ya mwaka 2004 haikumwacha nje msichana anayetupikia na kutulelea watoto. Naye ana saa zake 24 za kupumzika kila juma, na likizo yake ya siku 28. Tukimwamsha alfajiri na kumwachia vyombo vya saa nne usiku, nasi tu vinyozi wasiojinyoa.