Kuruti wa KMKM Afundishwe Kuokoa Kabla ya Kulinda Geti



Kila zikitangazwa nafasi za vikosi, magrupu yetu ya WhatsApp hugawika pande mbili. Upande mmoja unasema tupeleke barua, kazi ni kazi. Upande wa pili unasema usijisumbue, majina yashapangwa, na hata ukichukuliwa utakwenda kutumwa umpige baba yako siku ya uchaguzi. Pande zote mbili zina hoja. Lakini kuna suala hatuliulizi: huyo kijana akishaingia, anafundishwa kazi gani? Na akitoka depo, jukumu lake la mwanzo ni lipi?

Tuanze kwa kuwekana sawa, maana wengi wanachanganya. Jeshi la Wanamaji ni la Muungano. Ni kamandi ya JWTZ, na makao yake yako Kigamboni. Matangazo ya JWTZ kwa kawaida humtaka kijana aliyekwishapitia JKT, na humkataa aliyewahi kutumikia KMKM au kikosi chengine. KMKM ni ya Zanzibar. Katiba yetu ya 1984 inaitaja katika Idara Maalum za SMZ pamoja na JKU na Chuo cha Mafunzo. Kwa hiyo kijana wa Micheweni au Kengeja anayetaka kuvaa kombati na kufanya kazi baharini, lazima ajue mapema anagonga mlango upi. Hapa nazungumzia KMKM, kwa sababu ndio wanaoonekana kwenye bandari zetu na madiko yetu.

Hebu litazameni jina lenyewe: Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Pemba ukisema magendo, mtu anaelewa karafuu. Kwa miaka mingi serikali ilikuwa mnunuzi pekee, kupitia shirika lake la ZSTC, na bei ilikuwa ya kumkatisha mkulima tamaa. Ng'ambo ya maji, Shimoni na Mombasa, bei ilikuwa nzuri. Nini kitatokea? Karafuu ikavuka usiku. Na askari kijana akafundishwa kukitazama kila chombo cha mvuvi kama cha mtuhumiwa.

Halafu ikaja Serikali ya Umoja wa Kitaifa, baada ya kura ya maoni ya Julai 2010. Mwaka 2011 bei ya karafuu ikapandishwa, na mkulima akaahidiwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Mkulima akaona faida ya kupeleka karafuu kituoni mchana kweupe. Somo lake liko wazi: magendo yanapunguzwa na bei ya haki kuliko boti ya doria. Sasa kama ni hivyo, nguvu ya kikosi hichi tuielekeze wapi?

Jibu liko kwenye Mkondo wa Nungwi.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya abiria 600 hivi. Tume iliyochunguza ikakuta kwamba ilibeba zaidi ya watu 2,000. Miili iliyopatikana ni 203 tu, na wengine zaidi ya elfu moja hawajaonekana hadi leo. Wazamiaji waliletwa kutoka Afrika Kusini, wakashindwa kwa kina na nguvu za mkondo. Waliookoa watu asubuhi ile, kwa sehemu kubwa, ni wavuvi na boti za watalii za Nungwi. Haujapita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, kusi limechachamaa.

Hakuna mtaa Pemba usiokuwa na jina la mtu aliyepotea na Spice. Ndio maana nasema kuruti wa KMKM, hasa anayepangiwa Pemba, kazi yake ya kwanza iwe kuokoa.

Najua mtu atasema, mbona kuruti popote duniani huanza na kwata, lindo, usafi na kupika? Sawa, hatukatai. Kwata inafundisha nidhamu, lindo linafundisha kukesha. Lakini askari wa bahari akimaliza mwaka analinda geti la ofisi, hajashika usukani, hajavuta mtu majini, hajafungua mashine ya boti, huyo tumemuajiri kuwa mlinzi tukamvalisha nguo ya baharia.

Na tusidanganyane kwamba mtoto wa pwani hahitaji kufundishwa. Kujua kuogelea ni jambo moja, kuokoa ni jengine. Anayezama hukukamata shingo mkazama wote. Muokoaji aliyefunzwa humtupia kwanza kitu cha kuelea, na akilazimika kumfuata huingia kwa nyuma. Halafu kuna kumrudishia pumzi, kuzima moto ndani ya chombo, kushusha boya la kuokolea usiku abiria wakipiga mayowe, na kuzungumza kwenye redio maneno machache yanayoeleweka. Mabaharia wa meli za biashara wanalazimishwa kupata mafunzo ya msingi ya namna hii kwa mkataba wa kimataifa wa 1978, na hapa kwetu Chuo cha Bahari Dar es Salaam kinayatoa. Kuruti wa serikali yetu naye atoke depo na cheti kama hicho mkononi. Akistaafu au akiacha kazi, kitamlisha. Huo ndio uchumi wa buluu tunaoimbiwa tangu 2020, au ni wa mabango tu?

Na mwaka wake wa kwanza kazini uwe gatini: Mkoani, Wete, kila boti inapopakia. Ahesabu abiria, akague majaketi, na awe na nguvu ya kusema "chombo hichi hakitoki" bila ya kuogopa simu ya mkubwa. Angelikuwepo askari wa aina hiyo na akasikilizwa, Spice isingeliondoka na watu mara tatu ya uwezo wake.

Sasa tuje kwenye mlango wa kuingilia. Ombi la kazi serikalini huanzia shehiani. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, barua ya utambulisho, vyote vinapita kwa sheha. Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, hachaguliwi na sisi. Vijana wangapi wamezungushwa kwa sababu ya bendera inayopepea nyumbani kwao? Dawa ipo, na ni rahisi: mtihani wa wazi. Waombaji waogelee mbele ya watu pale Tumbe au Wesha, wapigwe saa, na matokeo yabandikwe kwa namba kila wilaya. Bahari haiulizi kadi ya chama.

Nawajibu na wale wanaosema kombati ni ya kutupigia. Hofu hiyo haikutoka hewani. Januari 2001 watu wetu walipigwa risasi kwa kuandamana, na wengine wakakimbilia Shimoni kwa vyombo, bahari hii hii. Lakini tukivisusa vikosi, tunawaachia wale wale wavijaze wanavyotaka. Idara Maalum zinaendeshwa kwa kodi ya mama muuza samaki wa Wete. Ni zetu. Askari aliyefunzwa kuokoa, anayejulikana dikoni kwa jina lake, siku akiamriwa vibaya atakuwa na la kujiuliza.

Kwa hiyo vijana, tufanye haya. Tuombe nafasi, tena kwa wingi, na kila anayenyimwa barua aandike tarehe na sababu aliyopewa. Wawakilishi wetu wakaulize Barazani: wangapi wameajiriwa kutoka kila wilaya ya Pemba, wamefunzwa nini, na boti ngapi za uokozi ziko tayari leo hii. Na wewe usikae kibarazani kusubiri tangazo. Nenda ukajifunze ufundi pale Vitongoji, mtafute nahodha mzee akufundishe mikondo na nyota, pata huduma ya kwanza. Wakikuchukua, utakuwa askari mzuri. Wasipokuchukua, siku chombo kikipinduka hutosimama ufukweni mikono kichwani.