Chatu hafunikwi blanketi

Msomaji, ikiwa umepata kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) cha kufuga chatu, usimhurumie kwa kumfunika blanketi. Blanketi huhifadhi joto la mwili, naye chatu hupata joto lake kutoka nje. Usiku wa Julai jijini Nairobi, baridi ikifika nyuzijoto 12, chakula alichomeza hakisagiki, naye huenda akakitapika. Ikizidi, mapafu huugua, ukamwona akipumua kinywa wazi.

Kwa maoni yangu, asiyeweza kununua vipimajoto viwili na kipimo cha unyevu asifuge chatu. Kiganja hakipimi. Upande mmoja wa kizimba uwe nyuzijoto 32 hivi, wa pili 26, ili achague mwenyewe. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 60, na uongezwe akikaribia kujivua gamba. Hewa ikiwa kavu, gamba hutoka vipande vipande na jingine kubaki machoni. Kizimba kikiwa chepechepe, ngozi ya tumbo hutoka malengelenge.

Usithubutu kuwasha jiko la makaa chumbani. Gesi yake itamuua chatu, na wanao waliolala pia. Tumia kifaa cha umeme chenye kidhibiti joto, kisichogusa ngozi yake.

Mwisho, nawa kwa sabuni kila umshikapo, kwani hubeba viini vya salmonela. Watoto wa chini ya miaka mitano wasimguse. Kinga ni bora kuliko tiba.