ITAENDELEA, LAKINI LINI?

Ahadi ni deni. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi hata ikapoteza makali. Mimi ilinitafuna kwa siku 707, na nadhani nimepata haki ya kulalamika katika kurasa hizi.

Ilikuwa likizo ya Agosti 2023, nikiwa Kidato cha Pili. Nilikwenda Nakuru kumtembelea binamu yangu, ambaye ni shabiki sugu wa Star Trek, ile michezo ya runinga ya kubuni kuhusu watu wanaosafiri katika nyota kwa chombo kiitwacho Enterprise. Nilimkuta ndiyo kwanza apate kipindi cha kumi na cha mwisho cha msimu wa pili wa Strange New Worlds. Kipindi hicho, kiitwacho "Hegemony", kilitolewa Marekani tarehe 10 Agosti 2023. Tulifunga mlango, tukazima taa, tukatazama. Laiti ningalijua, ningaliomba kutumwa dukani.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba sisi wa Chama cha Kiswahili tuna hisa katika jambo hili. Katika Star Trek ya kwanza, iliyoanza mwaka 1966, mna afisa wa mawasiliano aitwaye Uhura, na jina lake limetokana na neno letu "uhuru". Nichelle Nichols, mwigizaji wake, alikwenda kujaribiwa akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya. Katika kipindi kilichoonyeshwa mwanzo kabisa, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe kilichojigeuza mwanamume kinamsemesha Uhura kwa Kiswahili. Nichols alifariki mwaka 2022. Katika Strange New Worlds nafasi hiyo imeshikwa na Celia Rose Gooding, na humo Uhura ni mzaliwa wa Kenya. Hiyo ndiyo sababu wenzangu bwenini walikubali kunisikiliza. Mwanzoni walitaka habari za "dada yetu" tu, hayo mengine wakayavumilia.

Maana shuleni kwetu, msomaji, simu ni haramu na runinga ni ya habari na mpira. Kwa hivyo sinema hupita kwa mdomo. Aliyeitazama likizoni huwasimulia wenzake taa zinapozimwa, na asiyejua kusimulia hutupiwa soksi. Muhula ule mimi ndiye niliyekuwa runinga yao.

Niliwasimulia hivi. Kijiji cha wanadamu katika sayari ya mbali, kilichojengwa kifanane na mji mdogo wa Marekani wa zamani, kimevamiwa na Gorn. Hawa Gorn ni viumbe mithili ya kenge wakubwa, na mayai yao huanguliwa ndani ya miili ya watu. (Nilipofika hapo, jamaa mmoja aliyekuwa akila mkate chini ya blanketi aliacha.) Nahodha Christopher Pike anashuka kumtafuta mpenzi wake, Nahodha Batel. Anampata, lakini ole wake, kumbe ameshatiwa mayai. Kisha watu wanne wa Pike wananyakuliwa na Gorn pamoja na wanakijiji: La'An, Ortegas, Daktari M'Benga na Sam Kirk. Amri inafika kutoka kwa wakubwa: rudini nyuma. Akitii, anawaacha watu wake. Akikaidi, huenda akaleta vita na kukiangamiza chombo kizima. Kila mtu anamkodolea macho nahodha. Pike amesimama kama mlingoti. Kimya. Halafu yanatokea maandishi ya "itaendelea".

"Halafu?" sauti ikauliza gizani.

"Basi. Imeisha."

"Imeisha aje, bwana? Si useme alifanya nini!"

"Sijui. Hata binamu yangu hajui."

Kiatu kilinipita karibu na sikio. Bweni zima lilizuka kwa kelele hata bwana wa zamu akaja na tochi yake, nasi sote tukaanza kukoroma.

Juma lile lilikuwa la mjadala mtupu. Tulijadili kwenye foleni ya githeri, tukajadili tukifua, tukajadili hata wakati wa prepu kwa vikaratasi. Walikuwa mashabiki ambao hawajaona picha hata moja ya kitu wanachokigombania. Wasiofungua kinywa katika midahalo ya chama walisimama juu ya vitanda wakatoa hoja, tena kwa Kiswahili kilichonyooka. Nani atakufa? Hilo ndilo lililokuwa swali.

Mimi nilijigamba kuwa mjuzi, nikaleta hoja ya kinga. Strange New Worlds inasimulia mambo yaliyotangulia yale ya mwaka 1966. Sam Kirk tunamkuta akiwa maiti katika kipindi cha mwaka 1967, kwa hivyo hapa hawezi kufa, maana mtu hafi mara mbili. M'Benga naye yumo katika kipindi cha mwaka 1968. Hao wawili wana kinga. La'An na Ortegas hawamo kabisa katika ile ya zamani, basi mmoja wao lazima aende. Nikamchagua Ortegas, rubani.

Aliyenipinga ni rafiki yangu ambaye tulimpa jina la Kamanda kwa jinsi alivyopenda kupanga foleni. "Kutoonekana si kufa," akasema. "Mimi sijaonekana kwa nyanya yangu tangu Krismasi. Ati nimekufa? Wote wanne watarudi." Watu wakamshangilia. Tukaweka dau la mandazi manne. Mashahidi walikuwepo.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Mlezi wa chama chetu, Mwalimu wa fasihi, aliposikia vurugu hizi alicheka. Akasema hii ndiyo taharuki aliyotufundisha darasani, na kwamba kungoja huikoleza hadithi kama viungo katika pilau. Subira huvuta heri. Kwa heshima zote, Mwalimu, naomba kukubali nusu na kukataa nusu.

Nakubali kwamba hadithi isiyotuacha tukijikuna vichwa haina ladha. Mjadala ule wa bwenini haungalikuwapo kama Pike angalitoa amri yake palepale. Hata mashabiki wa Star Trek wenyewe wana mfano wao wanaousimulia hadi leo. Tarehe 18 Juni 1990, msimu wa tatu wa The Next Generation ulifungwa na kipindi kiitwacho "The Best of Both Worlds". Nahodha Picard ametekwa na Borg, ambao ni nusu watu nusu mashine, wamemgeuza mmoja wao, na msaidizi wake Riker anaamuru afyatuliwe silaha. Itaendelea! Marekani watu walibishana majira yote ya joto kama Patrick Stewart, aliyemwigiza Picard, ndiyo kwaheri yake. La kuchekesha ni kwamba Michael Piller, aliyekiandika, alikuwa hajui atakimalizaje. Lakini tarehe 24 Septemba mwaka uleule, jibu likaja. Siku 98. Muhula mmoja wa shule, tuseme. Anayekopa na kulipa hivyo, mimi nitamkopesha tena kesho.

Mwaka huohuo wa 1990 ulikuwa na mkopaji wa aina nyingine. Kichekesho cha ALF, kuhusu kiumbe mwenye manyoya kutoka sayari nyingine anayefichwa na familia moja ya Marekani, kilifunga msimu wake wa nne tarehe 24 Machi huku ALF akizingirwa na wanajeshi. Nacho kiliahidi kwamba kitaendelea. Hakikuendelea, kilikatwa. Watoto waliokuwa na umri wa miaka kumi wakati ule walikuwa na kumi na sita ilipotoka filamu ya kujaribu kulipa deni, mwaka 1996. Wewe hebu fikiria nyanya yako akuache na sungura mdomoni mwa simba, kisha akwambie urudi ukiwa na kitambulisho.

Ndiyo maana nasema mwenye kuitundika hadithi sharti awe ameishika kamba mkononi. Kama hajui atarudi, aifunge usiku uleule.

Na yule wangu wa siku 707? Hapa lazima nikiri kosa. Kwa muda mrefu niliwalaani waandishi. Kila nilipoulizwa bwenini, nami niliulizwa kila muhula, nilijibu kwamba jamaa ni wavivu. Baadaye binamu yangu alinifungua macho. Waandishi wa filamu na runinga wa Marekani walikuwa katika mgomo tangu tarehe 2 Mei hadi 27 Septemba 2023. Waigizaji nao waligoma kuanzia 14 Julai hadi 9 Novemba. Walidai malipo ya haki kutokana na vipindi vinavyotazamwa kwa intaneti, na kinga dhidi ya kompyuta zenye akili bandia zisije zikachukua kazi na sura zao. Kumbe usiku ule tulipokuwa Nakuru tukiwatazama Gorn, watu waliotutungia na kutuigizia hadithi walikuwa barabarani na mabango. Walikuwa wanatudai sisi subira ilhali wao wenyewe wanadai mshahara.

Sikulielewa hilo barabara hadi mwishoni mwa Agosti 2024, walimu wetu wa sekondari walipogoma mwanzoni mwa muhula wa tatu. Tulikaa darasani tukitazama ubao mtupu. Mmoja akasema, "Hawa wameenda kama wale wa sinema yako." Watu wakacheka, mimi nikanyamaza. Hakuna aliyewaita walimu wavivu, kwa sababu tuliwajua.

Lakini hilo nalo halimalizi hesabu. Mgomo wa mwisho uliisha Novemba 2023, na kipindi kilitoka tarehe 17 Julai 2025. Miezi ishirini hiyo ni ya wenye kipindi, si ya waliogoma, na wao sijawasikia wakituomba radhi. Nilikiacha kisa nikiwa Kidato cha Pili nikakikuta Kidato cha Nne, nikiwa na ndevu tatu na mtihani wa kitaifa mlangoni.

Nilikitazama likizo ya Agosti mwaka 2025, palepale kwa binamu yangu. Sitawaharibia wasiokiona. Nitasema tu kwamba mateka wote wanne walirudi hai. Ortegas alijeruhiwa vibaya, nikapata tumaini kidogo la mandazi yangu, lakini alipona. Kamanda alikuwa amesema kweli.

Ila Kamanda hakuwa tena nasi. Januari 2024 shule ilipofunguliwa hakuonekana. Tulidhani amechelewa. Ikawa wiki, ikawa mwezi, kitanda chake kikapewa mgeni kutoka shule nyingine. Ilikuwa karo. Hilo halikutangazwa gwarideni na wala hatukuuliza sana, kwa kuwa wengi wetu tunaijua njia hiyo ya kwenda ofisi ya mhasibu na kurudi shingo upande.

Kabla ya shule kufunguliwa nilimtafuta. Nilimpata kwenye kituo cha matatu anakoosha magari, amevaa mabuti ya mpira, amenenepa mabega. Tulikumbatiana hata akaniloanisha. Nikamwambia nina habari kubwa. Akadhani ni ya shule. Nikaanza pale nilipokomea, amri imefika, Pike kasimama, kila mtu anamtazama. Yeye alikuwa anasikiliza kwa adabu, huku jicho moja liko kwenye matatu iliyokuwa inaingia.

"Pike ndiye nani?" akauliza.

Nikarudi nyuma kidogo. Gorn, mayai, Uhura wetu. Akatikisa kichwa, akatabasamu. Mayai aliyakumbuka. Hayo mengine, akasema, yamefutika. "Wakati ule nilikuwa nayo kichwani kila usiku, bwana. Nilitengeneza hata mwisho wangu mwenyewe. Sasa hata huo sijui uliendaje."

Mwalimu akiniuliza kwa nini nakataa nusu ya maneno yake, jibu langu ni hilo. Sidhani yule mwisho alioutunga Kamanda ulikuwa mbaya kuliko ule uliotolewa Julai. Nilikuwa nayo nafasi ya kumwuliza, muhula mzima, tukilala vitanda viwili vinavyogusana. Sikumwuliza kwa sababu nilikuwa nangojea ule wa Marekani.

Muhula huu nimewasimulia waliobaki bwenini. Walikuwa watano, na wawili walilala katikati. Wengine walikuwa na madaftari chini ya tochi.

Siku ile kituoni nilivuka barabara nikanunua mandazi manne kwa mama mmoja mwenye kibanda, bado ya moto, katika gazeti. Nikamletea.

"Ya nini haya?"

"Ya Ortegas."

"Nani?"

"Kula tu," nikamwambia. Akaita chai mbili, akakataa katakata nilipe.

Mwanachama, Kidato cha Nne